Moto Upitao Mbinguni

Usiku usio na mwezi, mtu aliyetoka nje huko Mudaka aweza kuona moto ukikatiza juu ya vilima. Migomba huangazwa hata vivuli vyake vikaonekana chini, kisha giza hurudi. Asubuhi watu huulizana: nani atakufa? Na mtoto akiugua juma lile, huanza kutafutwa aliyeuita moto. Hapo ndipo jirani asiye na kosa huitwa mchawi.

Wakatekumeni, fahamuni kwanza kitu chenyewe. Kimondo si nyota iangukayo. Usiku wa pili nyota zote mzijuazo zipo mahali pake. Ni jiwe lililokuwa likilizunguka jua, kama dunia yetu ilizungukavyo. Liingiapo hewani huenda kilometa 11 na zaidi kwa sekunde moja. Hewa iliyo mbele yake husongwa, hushika joto kali, na jiwe huyeyuka liking'aa. Likiwa kubwa hupasuka. Kishindo huja nyuma, kwa kuwa sauti hutumia karibu sekunde 3 kwa kila kilometa. Dakika mbili zaweza kupita, nao watu huogopa mara ya pili.

Tarehe 14 Agosti 1992, alasiri, jiwe la namna hiyo lilipasuka juu ya Mbale, mashariki ya Uganda. Vipande mamia vilianguka. Kimoja, chenye gramu 3 na nusu hivi, kiligonga jani la mgomba, kisha kichwa cha mvulana. Hakuumia. (Mgomba una faida nyingi, hii nayo ihesabiwe.) Lakini wengine walisaga mawe yale wakayala, wakidhani Mungu ameyashusha yawe dawa ya UKIMWI. Tusiwacheke: walikuwa wakizika vijana wao. Walakini lilikuwa jiwe tu, lenye chembe za chuma ndani yake. Huko Castel Gandolfo, karibu na Roma, wataalamu wa Vatikano hutunza mawe ya namna hii na kuyachunguza, wala hawayafanyi hirizi.

Basi wazee wakija kumtaja mjane wa nyumba ya pili, mkatekumeni na awaulize kwa heshima: moto ule ulionwa na nani? Kimondo kiwakacho kilometa 80 juu huonwa Mudaka, Bukavu, kisiwani Idjwi, na ng'ambo ya Ziwa Kivu katika Rwanda. Je, wote hao walipelekewa habari ya mtoto mmoja?