Hati ya Kijiji na Hati ya Kamishna

Wadogo zangu, leo tunaongea ardhi. Mdogo wetu mmoja wa upande wa Mlalo ameniandikia, nami namfupisha: yeye na mumewe wana hati ya hakimiliki ya kimila, ile inayotoka ofisi ya kijiji. Sasa ametokea dalali mwenye mkoba na maneno mengi, anawaambia hiyo si hati, ni karatasi ya mtendaji tu. Wampe hela, yeye awafuatilie hati "yenyewe" Tanga. Afanyeje?

Kwanza asimpe hata mia. Sababu naieleza polepole, maana maneno ya huyu dalali nayasikia toka Soni hadi Mtae, na watu wazima wenye akili zao wanayaamini.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Sisi tunachopewa ni haki ya kuikalia na kuitumia, na haki hiyo inatolewa kwa njia mbili, kila njia na sheria yake. Zote mbili zilitungwa 1999 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Kuna Sheria ya Ardhi, namba 4, ambayo ndiyo inayozaa hati miliki ya Kamishna wa Ardhi, inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Na kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5, inayozaa hati ya kimila. Hii inatolewa na halmashauri ya kijiji chako, na kumbukumbu zake zinakaa masjala ya kijiji na masjala ya wilaya. Kifungu cha 18 cha sheria hiyo ya vijiji kimemaliza ubishi: haki ya kimila ina hadhi sawa kabisa na ile anayotoa Kamishna. Sawa, mdogo wangu. Si nusu yake, wala si ya muda mpaka "hati kamili" ije.

Kwa hiyo kugombania hati ipi kubwa ni kupoteza muda. Tazama ardhi yenyewe iko wapi. Shamba lako la viazi lililo ndani ya mipaka ya kijiji linapata hati ya kimila, basi. Kiwanja kilichopimwa pale mjini Lushoto kinapata hati ya Kamishna. Huendi kuchagua kama unachagua kanga. Ili shamba la kijijini lipate hati ya Kamishna, lazima kwanza ardhi ile ihaulishwe, itoke kwenye ardhi ya kijiji iingie ardhi ya jumla. Mwenye mamlaka ya kuhaulisha ni Rais, wanakijiji wanapaswa kusikilizwa, na jambo linatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Halafu ikishahaulishwa, kijiji chenu hakina tena kauli juu yake. Mtu wa mkoba hana uwezo huo, na hata angekuwa nao, jiulizeni kama mnautaka.

Maana hati ya Kamishna nayo ina mizigo yake. Inatolewa kwa miaka 33, 66 au 99, wakati ya kimila kwa mwanakijiji inaweza kuwa haina ukomo. Ina kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Ina masharti ya kuendeleza: umepewa kiwanja cha kujenga, jenga. Usipolipa au usipoendeleza, miliki inaweza kufutwa. Anayelima karoti na kabichi kwenye kipande cha kurithi, nisingemshauri akimbilie mzigo huo kwa ajili ya sifa tu.

Ila nitakuwa mwongo nikisema dalali hana hata chembe ya ukweli. Chembe hiyo iko benki. Serikali ilipoanzisha MKURABITA, mpango wa kurasimisha mali za wanyonge, mwaka 2004, wakati wa Rais Mkapa, wazo lilitoka kwa mchumi wa Peru, Hernando de Soto: maskini ana mali, anachokosa ni karatasi ya kuipeleka benki. Karatasi zikaja, lakini mikopo haikumiminika. Sheria haikatazi benki kupokea hati ya kimila kama dhamana. Tatizo ni kwamba ukishindwa kulipa, benki itamuuzia nani? Mnunuzi asiye mkazi wa kijiji lazima halmashauri ya kijiji imkubali, na mgeni asiye raia hawezi kabisa kushika haki ya kimila. Afisa mikopo anaona kazi hiyo mbele yake, anakurudishia faili. Kwa hiyo kama lengo lako ni mkopo, uliza benki kabla hujatumia hela yoyote kwenye upimaji, na umwambie yule afisa akutajie ni hati gani anazopokea. Kwangu mimi, ugumu huu una faida yake. Ukuta ule ule unaomzuia afisa mikopo unamzuia pia tajiri wa mbali kuja kununua mteremko mzima wa babu zetu kwa mnada.

Wala msidhani ni sisi tu tunaobabaishwa na karatasi mbili. Marekani, mtu mwenye boti ya matembezi anaweza kuisajili kwenye jimbo lake au, kama ina ujazo wa kuanzia tani tano, kuiandikisha kwa Walinzi wa Pwani wa serikali kuu. Mabenki ya kule yanaipenda ile ya serikali kuu, kwa sababu rehani inaandikwa kwenye daftari moja la taifa zima. Lakini majimbo mengi yanamdai huyo huyo alipie na usajili wao. Karatasi ya juu haikumwondolea ya chini. Na kwetu, hata ukipimiwa kwa ajili ya hati ya Kamishna, bado utarudi kwa majirani na uongozi wa eneo lako wathibitishe kwamba mpaka ni huo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mdogo wetu wa Mlalo hakuuliza, na ndilo linaloninyima usingizi kuliko dalali. Kaitoe hiyo hati sandukuni. Itazame. Kuna picha ndogo za pasipoti, kuna majina, kuna sahihi au dole gumba, mhuri wa kijiji, na kile kiramani kinachoonyesha shamba na umepakana na nani. Je, picha ni mbili au moja? Kama ni ya mumeo peke yake, hapo ndipo pa kupeleka nguvu na nauli.

Nasema hivi kwa sababu milimani kwetu tumekulia kwenye desturi ya shamba kwenda kwa mtoto wa kiume, na mama kulima maisha yake yote kwenye ardhi isiyo na jina lake. Sheria zote mbili za 1999 zimesema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na kifungu cha 20 cha sheria ya vijiji kinaitupa nje mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu. Mila haikufutwa yote, iliyofutwa ni ile inayonyima. Shemeji akisema "kwetu Wasambaa hatufanyi hivyo", mjibu kwa adabu kwamba Wasambaa nao wanaishi Tanzania.

Na kwenye fomu ya maombi someni pale panapouliza aina ya umiliki. Kuna umiliki wa pamoja na kuna umiliki wa hisa. Mke na mume wakiandikishwa kwa umiliki wa pamoja, mmoja akitangulia, haki inabaki kwa aliye hai, haiingii kwenye kikao cha ukoo. Umiliki wa hisa ni kila mtu na fungu lake, na fungu la marehemu linakwenda kwa warithi wake. Ndugu wa tumbo moja wanaoshika shamba la baba, waandikishwe kwa hisa. Mke na mume, kwa pamoja. Anayejaza fomu kwa haraka pale ofisini atakuwekea chochote, na wewe utasaini kwa sababu foleni ni ndefu.

Jambo jingine la huku kwetu: mashamba yetu yametawanyika. Kipande karibu na nyumba, kingine mteremkoni, kingine bondeni kwa ajili ya hoho na kabichi za kiangazi. Kama hela haitoshi kwa vyote, mimi ningeanza na cha bondeni, maana ndiko maji yaliko na ndiko majirani wanakogombana. Lakini angalieni mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na wengi wetu tunalima mpaka miguu inalowa. Sehemu hiyo msitegemee kuiandikia hati. Vivyo hivyo shamba lililotambaa likaingia msitu wa hifadhi, uwe Magamba au Shagayu: hati ya kijiji haiwezi kuvuka mpaka wa hifadhi, na kulazimisha ni kujitafutia kesi.

Mpaka ukigombaniwa, anzeni baraza la ardhi la kijiji. Lina wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Baraza la kata, tangu mabadiliko ya 2021, linasuluhisha tu, haliamui. Suluhu ikishindikana ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Nanyi ambao hamna hati yoyote, nendeni kwa mtendaji na maswali yafuatayo: kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji? Kina mpango wa matumizi bora ya ardhi? Masjala iko wapi, na kabati lake linafungika? Kimoja kikikosekana, hati zenu zitasubiri hata mkilipa leo, kwa hiyo msilipe leo. Mtakapolipa, iwe kwa stakabadhi ya serikali. Wakati mnasubiri, pandeni masale mpakani majirani wakiwa wamesimama hapo hapo, na andikisheni mauziano yoyote mbele ya halmashauri ya kijiji, majina ya mke na mume yote mawili. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Ombeni hati za kimila ziingie kwenye ajenda, na kina mama mkae safu za mbele.