Kuongeza Chumba na Kupanga Njia za Umeme: Mfano wa Moshi



Msimu ukiwa mzuri, jambo la kwanza wengi wetu hulitenda ni kuongeza chumba. Matofali hupangwa, bati huezekwa, kisha huitwa fundi avute waya kutoka soketi ya chumba cha zamani. Huo ndio mwanzo wa moto katika nyumba nyingi. Yafaa umeme upangwe kabla ya kupiga lipu.

Mfano wetu tumeuchukua Moshi. Umeme wao na wetu ni mmoja, wa volti 230. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata wake kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Tena huko mlimani kuna jambo la kutufunza. Wachaga walio mbali hurudi kwao kila Desemba kwa Krismasi, na nyumba ya Marangu au Kibosho iliyokaliwa na wazee wawili mwaka mzima hujaa watoto na wajukuu. Basi watu huongeza vyumba viwili na bafu, na kwa kuwa maji ya mlimani ni baridi, bafuni hutiwa chombo cha umeme cha kupasha maji ya kuogea.

Sasa tupige hesabu. Chukua wati zilizoandikwa juu ya chombo, gawanya kwa 230, utapata ampea. Chombo cha kupasha maji cha wati 5,500 hula ampea 24. Birika la wati 2,000 hula karibu 9, na pasi ya wati 1,200 hula 5. Ikiwa bafu la zamani nalo lina chombo chake cha namna hiyo, vyote vikiwashwa asubuhi moja ni ampea 62. Itazame swichi kuu: ikiwa imeandikwa 60, umekwisha pita mpaka, na friji hatujaihesabu!

Wako mafundi watakaokushauri utie swichi kubwa zaidi. Usikubali. Waya uliomo ukutani ni ule ule, na swichi isipokata, waya ndio utakaoungua. Afadhali ufungiwe swichi ya kuchagua, bafu moja likiwaka jingine lizime, au uombe shirika la umeme fezi tatu.

Kisha kila kazi ipewe njia yake kutoka kwenye boksi la swichi. Taa za vyumba vipya: waya wa milimita mraba 1.5 na swichi ya ampea 10. Soketi: waya wa 2.5 na swichi ya ampea 20. Chombo cha maji ya moto: waya wa 6 na swichi ya ampea 32, wala kisishiriki njia na kitu kingine. Bafuni usiweke soketi kabisa.

Soketi za vyumbani ziwe nyingi kuliko unavyodhani, kwani zikipungua watu huleta ekstensheni na kuipitisha chini ya mkeka. Weka mbili kila upande wa kitanda. Na sisi wa karafuu tukumbuke jambo moja: chumba kipya hugeuka ghala wakati wa mavuno. Soketi isikae mahali ambapo magunia yatalazwa.

Waya wa ardhi usisahauliwe. Mtu aliyelowa maji, akigusa chombo kilichovuja umeme, anaweza kufa mara moja. Kwa hiyo, pamoja na nondo ya shaba iliyozikwa ardhini, fungeni swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30. Kazi hii apewe fundi mwenye leseni, naye aipime mbele yako kabla ya kulipwa. Swichi hiyo ina kitufe kidogo cha majaribio. Kibonyeze kila mwezi, na ikiwa haikati, mwite fundi siku hiyo hiyo.