Ghala Moja, Watunza Ghala Wawili

Tuseme mwalimu wa kompyuta ameandika ubaoni mstari ambao amekuwa akiutumia kwa miaka mingi:

pip install numpy

Wanafunzi wanaunakili katika kompyuta zilizowekewa mfumo wa Debian 12. Badala ya kupokea maktaba ya hesabu waliyoiomba, wanajibiwa kwa aya ndefu ya Kiingereza inayoanza na maneno "error: externally-managed-environment", maana yake kwamba mazingira haya yanasimamiwa na mwingine. Hakuna aliyekosea herufi hata moja. Mwalimu naye hakukosea, kwani mstari ule ulikuwa sahihi mpaka kompyuta zilipowekewa mfumo mpya. Kipindi ni cha dakika arobaini, na kumi zimekwisha kupita.

Jambo hili limewapata watu wengi sana tangu mwaka 2023, na wengi wao walikasirika. Makala hii inakusudia kueleza kwa nini kompyuta ilianza kuikataa amri iliyokuwa ikiikubali. Tutaona kwamba waliokasirika walikuwa na haki, na waliosababisha hasira hiyo nao walikuwa na haki.

Yafaa tuanze na kifurushi chenyewe. Mfumo huria, yaani ule ambao msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuubadili na kuugawa, haujengwi na mtu mmoja wala kampuni moja. Hukusanywa kutoka kwa maelfu ya watu wasiojuana. Kila kipande hufungwa katika kifurushi, na ndani yake huwekwa pia orodha ya vifurushi vingine ambavyo kipande hicho hakiwezi kufanya kazi bila ya kuwa navyo. Programu inayovileta vifurushi, kuvipanga na kuviondoa ni kama mtunza ghala. Katika Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, mtunza ghala anayefahamika zaidi huitwa apt. Debian 12 ilipotolewa tarehe 10 Juni 2023, ghala lake lilikuwa na vifurushi 64,419, na watunzaji wake walikuwa wamejitahidi kuhakikisha kwamba matoleo yaliyomo yanapatana. Ndiyo sababu matoleo hayo aghalabu huwa ya zamani kidogo.

Sasa, lugha ya Python, iliyotolewa kwa mara ya kwanza na Guido van Rossum mwaka 1991, ina ghala lake yenyewe liitwalo PyPI. Huko mtu yeyote aliyejiandikisha aweza kuweka kazi yake, na miradi iliyomo imepita nusu milioni. Mtunza wa ghala hilo ni pip, aliyeanza kazi mwaka 2008. Pip hupenda matoleo mapya, na hana habari na makubaliano ya watu wa Debian.

Kwa miaka mingi watunza ghala hawa wawili walifanya kazi katika nyumba moja bila ya kushauriana. Ili tuone hatari yake, hatuna budi kujua Python hufanya nini inapotafuta maktaba. Haitafuti kila mahali kwa pamoja. Ina orodha ya folda, na hupitia moja baada ya nyingine. Ikikuta jina inalolitaka, huchukua hapo hapo na kuacha kutafuta. Katika Debian, vitu vilivyoletwa na pip kwa mamlaka ya msimamizi mkuu huwekwa chini ya /usr/local, na vile vya apt huwekwa chini ya /usr/lib. Folda ya pip ndiyo inayotangulia katika orodha.

Matokeo yake ni haya. Mwanafunzi anahitaji toleo jipya la maktaba fulani kwa ajili ya zoezi lake, analiagiza kwa pip, na zoezi linafaulu. Lakini maktaba hiyo hiyo inatumiwa pia na baadhi ya programu za mfumo wenyewe, maana nyingi kati yake zimeandikwa kwa Python. Mathalani, programu iitwayo unattended-upgrades, inayoweka marekebisho ya usalama bila ya mtu kuamrisha, ni ya Python. Programu ya mfumo ikiamka usiku na kuitafuta maktaba yake, hukuta toleo la mwanafunzi limesimama mbele. Likiwa linapatana nalo, heri. Lisipopatana, programu huanguka. Ubaya wa kosa la namna hii ni kwamba hutokea baada ya siku au majuma, mahali pasipohusiana na zoezi lile, na hakuna anayekumbuka chanzo. Mimi nadhani hapa ndipo ulipo ugomvi wote: hatari ya zamani haikuonekana, na kinga iliyokuja ilionekana mara moja.

Kinga hiyo ilitokana na pendekezo nambari 668 la mwaka 2021 katika mfululizo wa mapendekezo ya lugha ya Python. Wazo lake ni jepesi. Watengenezaji wa mfumo huweka katika folda ya Python faili liitwalo EXTERNALLY-MANAGED. Pip akilikuta, hukataa kuweka kitu, na humwonyesha mtumiaji maelezo yaliyoandikwa ndani ya faili hilo. Ubuntu 23.04 ilitoka na faili hilo Aprili 2023, Debian 12 ikafuata mwezi Juni, na Oktoba mwaka huo huo ikawa zamu ya mfumo wa Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya Uingereza inayotumiwa sana katika kufundishia.

Kwa Raspberry Pi maumivu yalikuwa makali zaidi. Vitabu, majarida na karatasi za mazoezi za miaka mingi zilikuwa zimechapishwa zikimwelekeza mwanafunzi aandike pip install, na kitabu kilichokwisha chapwa hakijirekebishi. Maelezo ya toleo la Debian 12 yaliyataja mabadiliko hayo, lakini anayeyasoma maelezo hayo ni fundi, wala si mwanafunzi aliyekabidhiwa kompyuta iliyo tayari. Tena, katazo liliwagusa hata wale waliokuwa wakiweka vitu katika folda zao binafsi bila ya mamlaka ya msimamizi mkuu. Hao hawawezi kuudhuru mfumo wote, bali programu wanazoziendesha wenyewe tu. Malalamiko yao, kwa maoni yangu, yalikuwa na uzito.

Kuna amri ya kulipita katazo, na waliolitunga waliipa makusudi jina la kutisha: --break-system-packages, yaani "vunja vifurushi vya mfumo". Wengi wameizoea na huiandika bila ya kufikiri. Wengine hulifuta lile faili. Katika kompyuta ya majaribio isiyo na kazi nyingine si dhambi kubwa, lakini katika kompyuta itumiwayo na shule nzima, mwalimu asiifundishe.

Njia nyepesi kuliko zote ni kumwomba mtunza ghala wa nyumba yenyewe: apt install python3-numpy. Kama toleo hilo halitoshi, mwanafunzi ajitengenezee chumba cha pekee, jambo ambalo Python imeliwezesha tangu toleo 3.3 la mwaka 2012:

python3 -m venv darasa
source darasa/bin/activate
pip install numpy

Katika Debian sharti kwanza kifurushi cha python3-venv kiwepo, la sivyo amri ya kwanza itakataliwa pia, na hapo uvumilivu wa darasa huisha. Gharama ya njia hii ni kwamba kila chumba huwa na nakala zake, na penye kompyuta thelathini na intaneti dhaifu gharama hiyo si ndogo. Mwalimu aweza kupakua mara moja, akiwa ndani ya chumba chake:

pip download -d hazina numpy

kisha akaigawa folda ya hazina kwa flashi. Wanafunzi, wakiwa katika vyumba vyao, wataandika:

pip install --no-index --find-links hazina numpy

Kompyuta zote ziwe na toleo moja la Python na aina moja ya kichakataji.

Zoezi. Nje ya chumba, andika amri ifuatayo na unakili majibu yake:

python3 -c "import sys; print(sys.path)"

Tafuta folda zenye jina la dist-packages, uangalie ipi inatangulia. Kisha ingia katika chumba cha darasa, urudie amri hiyo hiyo, na ueleze folda zipi zimetoweka katika orodha na ipi imeingia mahali pake.