Chumvi na Kipimo Chake

Wapenzi, jiwe la kijani la Kinsevere mnalijua. Ndani yake mna shaba. Shaba hiyo ukiigawanya na kuigawanya tena, mwisho utafika kwenye chembe isiyoonekana kwa macho, ndiyo atomu. Mwaka 1869 Mrusi Mendeleev alizipanga aina za atomu katika jedwali. Siku hizi kila aina ina namba yake: kobalti 27, shaba 29.

Hata chumvi ya mboga ni atomu. Imefanywa na sodiamu, namba 11, iwezayo kuwaka moto ikitupwa majini, na klorini, namba 17, hewa yenye sumu. Zikiungana, twazila kila siku. Ajabu ya Muumba!

Lakini chumvi hiyo ikizidi kipimo yaweza kumwua mtoto mdogo. Mama, mtoto akihara, na pakiti ya dawa ya kuhara haipo, twaa lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Sawazisha kijiko kwa kisu, kisiwe na kilima. Wengine hupima kwa vidole, lakini vidole vya mama huyu si vya yule. (Mithali 11:1 haisemi habari za sokoni tu.)

Onja kwanza. Maji yakipita machozi kwa chumvi, yamwage, uchanganye mengine. Mnyweshe kidogo kidogo, wala usimnyime ziwa. Macho yakiingia ndani, au akishindwa kunywa, mlete hospitali upesi, hata usiku.