Nyumba ya Makumbusho

Mtoto wa Chanika, katika Handeni, aonapo chungu kilichopasuka au jembe lililoliwa na kutu, huvitupa jalalani. Lakini iko nyumba ambayo kazi yake ni kutunza vitu vya kale. Ndiyo Nyumba ya Makumbusho ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1940.

Humo limehifadhiwa fuvu la kiumbe aliyefanana na mtu, alilolivumbua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Lilikuwa vipande vipande, vikaungwa kimoja kimoja. Umri wake wapata miaka 1,750,000.

Si vyote vilivyobaki nchini. Mifupa ya mnyama mkubwa mno, iliyochimbwa Tendaguru, karibu na Lindi, tangu 1909 hata 1913, ilipelekwa Berlin. Huko imesimamishwa, na kimo chake chapita mita 13. Wenyeji waliichimba na kuichukua vichwani hata pwani. Leo wajukuu wao hawana budi kuvuka bahari wapate kuitazama.

Basi, kabla ya kukitupa chungu cha bibi, yafaa mtoto amwulize: Kilifinyangwa na nani? Kilipikiwa nini? Chungu kisichojulikana habari zake ni kigae tu. Chenye habari ni ukumbusho.