Habari Hii Umeitoa kwa Nani? Somo kwa Mwanafunzi Anayeandika Juu ya Kutoa Mimba

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.



Somo la leo limeletwa na swali. Ijumaa moja baada ya sala, binti wa jamaa yetu, mwanafunzi wa sheria pale universite, alikuja pamoja na baba yake akishika mfuko wa plastiki uliojaa makaratasi. Anaandika kazi yake ya mwisho juu ya mabishano ya kutoa mimba katika nchi yetu. Akasema: «Baba Shehe, ulisema katika hotuba kwamba wanazuoni wa madhehebu yote manne wameafikiana, kutoa mimba ni haramu tangu siku ya kwanza. Nataka kuandika neno hilo. Nitaje kitabu gani, na ukurasa gani?»

Nilinyamaza. Neno hilo nililisikia madrasani kwa mwalimu wangu, Allah amrehemu, nikalibeba zaidi ya miaka thelathini bila kulitafutia asili. Nikamwambia: «Mama, nipe wiki moja.»

Nilipofungua vitabu, nilikuta hivi. Baada ya roho kupulizwa, yaani siku 120, wanazuoni wameafikiana kwamba kutoa mimba ni haramu, na wengi wa leo wanatoa ruhusa pale tu maisha ya mama yanapokuwa hatarini. Lakini kabla ya hapo hakuna maafikiano. Wamaliki wameshika sana: Dardir anakataza hata kabla ya siku 40. Imamu Ghazali, ambaye ni wa madhehebu yetu ya Shafi, ameandika katika Ihya kwamba kosa linaanza tangu mbegu inapotua tumboni, na uzito wake unaongezeka hatua kwa hatua. Kati ya Wahanafi wako walioruhusu kabla ya siku 120. Ibn Abidin anataja udhuru kama ule wa mama anayenyonyesha, ambaye maziwa yake yamekatika kwa sababu ya mimba mpya, na baba hana uwezo wa kumlipa mnyonyeshaji. Na Baraza la Fiqhi la Rabita ya Makka, katika kikao cha mwaka 1990, liliruhusu kabla ya siku 120 ikiwa kamati ya waganga wa kuaminika imethibitisha kwamba mtoto ana ulemavu mkubwa usio na dawa.

Basi neno nililolisema juu ya mimbari halikuwa sahihi, na leo nalirudisha kwa maandishi, mbele ya wale wale walionisikia. Wako watakaoniambia: Shehe, unafungua mlango. Sifungui mlango wowote. Mimi nafuata kauli ya Ghazali, na anayeniuliza nitamjibu hiyo. Lakini kauli ya Ghazali ni kauli ya Ghazali. Kuiita maafikiano ya umma wote ni kuwasingizia maiti maneno ambayo hawakuyasema.

Katika vitabu vya elimu ya hadithi mnasimuliwa habari ya Nuhu bin Abi Maryam, mtu wa Khurasani, aliyetunga hadithi za fadhila za sura za Kurani, moja baada ya moja. Alipobanwa alisema aliona watu wamejishughulisha na fiqhi ya Abu Hanifa na vita vya Ibn Ishaq, wameiacha Kurani, akataka kuwarudisha. Nia yake aliiona njema. Wanazuoni walimwandika mwongo. Hawakumpunguzia hukumu kwa sababu uongo wake ulikuwa upande wa dini.

Basi wewe mwanafunzi wa Kiislamu, usidhani kwamba kupima vyanzo vya habari ni elimu ya wazungu uliyoikuta universite. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuchunguza habari kabla ya kuitendea kazi. Wazee wetu walijenga juu ya aya hiyo elimu nzima: nani kasema, kasikia kwa nani, je walikutana, je kumbukumbu yake ni nzuri, je maneno yenyewe yanapingana na yaliyo na nguvu zaidi? Chukua mizani hiyo, weka juu yake makaratasi ya mfuko wako.

Tulikaa na binti huyo na baba yake tukayatoa moja moja.

Makaratasi manne yalisema kwamba mimba 146,000 na zaidi zinatolewa Kongo kila mwaka. Binti akafurahi: «Baba Shehe, mashahidi wanne.» Nikamwuliza: kila mmoja kapata wapi? Tukafuata mnyororo. Wote wanne wanarudi kwa utafiti mmoja, uliotangazwa mwaka 2017, wa taasisi ya Guttmacher ya Marekani pamoja na shule ya afya ya jamii ya Universite ya Kinshasa. Hapo ndipo mwanafunzi wa hadithi anapomshinda mwanafunzi wa magazeti. Sisi tunajua kwamba watu mia wakipokea kwa mtu mmoja, habari ile si mutawatir, inabaki ni habari ya mtu mmoja. Tena tulipofika kwenye asili yake tukakuta mambo mawili yaliyopotea njiani. Hesabu ile ni ya Kinshasa peke yake, ya mwaka 2016, si ya Kongo nzima. Na haikuhesabiwa kichwa kwa kichwa: ni makadirio. Waliuliza vituo vya afya ni wanawake wangapi walioletwa na matatizo baada ya kutoa mimba. Kisha wakawauliza watu wenye ujuzi wa jambo hilo, katika kila wanawake mia wanaotoa mimba, ni wangapi wanaopata matatizo na kufika kutibiwa. Ndipo wakazidisha. Njia hiyo inajulikana na si ya hila, kwa kuwa jambo linalofichwa haliwezi kuhesabiwa kama magunia ya mchele. Lakini wale walioulizwa wakikosea kukisia, hesabu nzima inasogea. Mwandishi mwaminifu ataandika: «inakadiriwa», «Kinshasa», «2016». Maneno hayo matatu tu, na yote manne katika mfuko yaliyaacha!

Baba yake akauliza: Guttmacher ni watu gani? Swali zuri. Taasisi hiyo ilianza mwaka 1968 ndani ya jumuiya ya Planned Parenthood, ambayo inatoa huduma ya kutoa mimba, baadaye ikajitenga. Msimamo wake ni kutetea haki ya kutoa mimba, wala haufichi. Je, tuitupe kazi yao? Imamu Bukhari alimpokea Imran bin Hittan, naye alikuwa Khawariji. Hakupokea madhehebu yake, alipokea ukweli wa ulimi wake. Lakini wanazuoni waliongeza sharti: mtu wa bidaa akisimulia jambo linaloipa nguvu bidaa yake, mtazame mara mbili. Basi mwambie msomaji wako msimamo wa taasisi, mweleze njia waliyotumia kuhesabu, umwachie mizani.

Na mizani hiyo hiyo iweke upande wa pili, ule ambao moyo wako unaupenda. Kulikuwa na karatasi iliyotegemea taasisi ya Charlotte Lozier, ya Marekani vilevile, iliyoanzishwa mwaka 2011 na jumuiya inayopinga kutoa mimba. Mwezi wa pili 2024, wachapaji wa Sage waliziondoa makala tatu ambazo watafiti wa taasisi hiyo walishiriki kuziandika, mbili kati yake juu ya dawa za kutoa mimba. Wachapaji walisema kulikuwa na kasoro katika njia ya utafiti na uhusiano wa waandishi ambao haukutajwa. Waandishi walikataa lawama hizo. Kwetu sisi hiyo inaitwa jarhi, na aliyejeruhiwa hatajwi bila kutaja jeraha lake. Binti alisema: «Lakini hawa wako pamoja na sisi.» Nikamkumbusha Suratun Nisaa, aya ya 135, inayotuamrisha kusimamia haki ijapokuwa dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu.

Juu ya sheria, karatasi moja ilisema tangu mwaka 2018 kutoa mimba ni ruhusa Kongo. Nyingine ilisema Mkataba wa Maputo unampa ruhusa kila mwanamke anayetaka. Zote mbili zinasema bila kusoma. Mkataba ule ulipitishwa Maputo mwezi wa saba 2003. Kifungu cha 14 kinataja hali zake: kushambuliwa kingono, kunajisiwa, mimba ya maharimu, na pale mimba inapohatarisha afya ya akili na ya mwili ya mama, au maisha ya mama au ya mtoto tumboni. Serkali yetu iliutangaza katika Gazeti Rasmi mwaka 2018, na kifungu cha 215 cha Katiba ya 2006 kinasema mkataba uliotangazwa hivyo uko juu ya sheria za nchi. Mwezi wa nne mwaka huo huo mahakimu walipelekewa waraka wautumie. Lakini mkataba haukuvifuta vifungu 165 na 166 vya sheria ya makosa ya mwaka 1940: miaka mitano hadi kumi na tano kwa anayemtoa mwanamke mimba, mitano hadi kumi kwa mwanamke mwenyewe. Kazi ya mwanafunzi wa sheria iko hapo kati, na hawezi kuifanya kwa makaratasi ya kugawa barabarani. Matini ya sheria inapatikana, inafotokopiwa, haina bei kubwa.

Hata vitabu vyetu, fuata asili yake. Hadithi ya Ibn Masud (R.A.) juu ya hatua za mtoto tumboni, watoto wetu wanaihifadhi katika Arubaini ya Nawawi, ni ya nne. Ndani yake limo neno «nutfa» baada ya kutaja siku 40 za kwanza. Ukifungua Bukhari na Muslim, neno hilo hulikuti mahali pale. Na Muslim anayo riwaya nyingine, ya Hudhayfa bin Asid (R.A.), inayotaja usiku 42. Kwa sababu ya mambo kama haya wako wanazuoni waliosema roho inapulizwa mapema zaidi kuliko siku 120. Mtu aliyesoma Arubaini peke yake hawezi kujua wanabishana juu ya nini.

Neno moja zaidi, na hili ni zito. Binti huyo anataka kuwauliza wanawake. Katika nchi yetu ya mashariki wako waliobeba mimba kwa nguvu za watu wenye silaha, na kila msikiti una mama wa namna hiyo katika safu za nyuma. Ushahidi wao una thamani kuliko makaratasi yote ya mfuko. Lakini usiandike jina, wala mtaa, wala kabila, wala umri wa mtoto. Mtu akikuambia siri yake amekupa amana. Ukiona kwamba ukurasa wako utamtambulisha, uache ukurasa.

Kazi yake anatakiwa kuikabidhi kwa profesa wake kabla ya mwisho wa mwezi. Mahali pa hotuba yangu ameandika: «Imamu alisema, kisha akarudisha.» Nilimwambia aliache hivyo hivyo.

Wanafunzi wengine wenye kazi za namna hii waje Jumamosi baada ya Alasiri. Ihya na Sahihi Muslim ziko kabatini. Zinasomwa hapa msikitini, haziazimwi, kwa maana juzuu ya pili ya Ihya ilikwenda nyumbani kwa mtu ikakaa miaka miwili.

Wallahu aalam.