MBINU ZA JESHI DHAIFU KATIKA MCHEZO WA VITA

Wembamba wa reli, garimoshi hupita. Methali hii tunaipamba nayo insha kila muhula, lakini mchezaji akipewa jeshi dogo katika mchezo wa vita, utamsikia akilalama, "Ah! Mimi hapa nimekwisha!" Nia ya makala haya ni kumwonyesha kwamba bado.

Kwanza, mchezo wenyewe. Ni ramani iliyogawanywa katika vyumba vya pembe sita, kete za karatasi ngumu zinazosimamia vikosi, na dadu. Kila kete ina nambari mbili: nguvu na mwendo. Jeshi la Prussia lilianza kutumia mchezo wa jamii hii kuwafunza maofisa mnamo 1824. Ukishambulia, unalinganisha nguvu zako na za adui, kisha unatupa dadu. Ukiwa na nguvu mara tatu yake, una matumaini makubwa. Mkiwa sawa kwa sawa, hiyo ni bahati nasibu.

Mfano wetu ni Vita vya Kwanza vya Dunia hapa Afrika Mashariki, 1914 hadi 1918. Waingereza walikuwa na watu wengi na manowari zilizofunga pwani. Upande wa pili alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck wa Ujerumani na askari wake, wengi wao Waafrika. Msaada kutoka kwao ulikuwa wa nadra. Je, ungepewa kete zake, ungefanyaje?

1. Soma masharti ya ushindi kabla ya kugusa kete. Jeshi dhaifu aghalabu haliambiwi limmalize adui. Huambiwa lichelewe kumalizwa. Lettow alijua hawezi kuiteka Nairobi na kukaa. Lengo lake lilikuwa kuwashughulisha maadui wengi huku, wasipelekwe Ulaya.

2. Uwe mdogo kwingi, mkubwa pamoja. Mpinzani akiwa na kete kumi nawe una nne, usizianike zote mpakani kama nguo juani. Atazila mojamoja. Weka moja ichungulie, na tatu zikae pamoja karibu na reli. Akijigawa ili kulinda njia zake, tatu zako zitakutana na tatu zake, si kumi. Novemba 1914 Waingereza walileta Tanga watu wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi. Kabla ya kutua, walituma onyo mjini, na Lettow akapata nafasi ya kuleta vikosi kwa garimoshi kutoka Moshi. Alikuwa na watu 1,000 hivi tu, lakini walikuwa mahali panapotakiwa. Waingereza walirudi melini wakiacha bombomu 16 nyuma yao.

3. Chagua uwanja. Msitu na mto humwongezea nguvu anayejilinda. Kule Tanga, wageni walijikuta kwenye vichaka na mashamba wasikoweza kuonana. Hata nyuki wakatoka mizingani wakawauma! Mzinga wa nyuki ukasaidia mzinga wa vita.

4. Uza ardhi, nunua wakati. Usiifie ardhi ambayo haikupi pointi. Rudi nyuma kabla hujazingirwa, umwachie adui njia ndefu ya kubeba chakula. Mwaka wa 1916 Jenerali Smuts aliteka reli, na Dar es Salaam yenyewe ikaanguka Septemba. Jeshi la Lettow hata hivyo lilikuwa bado hai.

5. Hesabu usichoweza kukirudisha. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa hivyo tusikilizane. Oktoba 1917, huko Mahiwa, Lettow alisimama akapigana siku nne. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000, naye mia tano hivi. Nani alishinda? Usikimbilie kujibu. Waingereza waliweza kuleta wengine. Lettow hakuweza, na risasi zake nzuri zilikaribia kuisha. Mwezi uliofuata aliwaacha wagonjwa na majeruhi wengi, akavuka mto Ruvuma hadi Msumbiji, akajipatia bunduki na chakula katika kambi ya Wareno ya Ngomano. Ushindi mwingine wa namna ya Mahiwa ungemmaliza. Basi kabla ya kutupa dadu jiulize: nikishinda, nitabaki na nini kesho?

Lettow alisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, baada ya vita kwisha Ulaya. Alibaki na Wajerumani 155 na askari zaidi ya 1,100.

Lakini ndugu zangu, kete haili ugali. Kila kikosi cha kweli kilibebewa mizigo na wapagazi, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu, pande zote mbili. Vita havikuwa vyao. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimepata majina kutokana na kikosi cha wapagazi hao. Ile "uza ardhi" tunayoisifu mezani ilikuwa ghala tupu kwa mwanakijiji, kwa kuwa jeshi lililorudi nyuma lilichukua chakula, na lililofuata likachukua masalio. Kwa sababu hiyo napendekeza sheria moja: kila kikosi kiwe na kete ya wapagazi, na kijiji kikishalisha jeshi, kisiweze kulisha jingine. Mtaona mchezo utakavyobadilika.

Maswali ya kujadili
(a) Kwa nini ushindi wa Mahiwa ulikuwa hasara kwa mshindi?
(b) Una kete tatu na zamu tano zimebaki. Utalinda daraja au utarudi msituni? Toa sababu.
(c) Eleza maana mbili za neno "mzinga", kisha utunge sentensi.

Kiswahili kitukuzwe!